Ndege ya kijeshi ikianguka, ni nani aliyeiangusha?

Tarehe 2 Septemba 2006 ndege ya doria ya Uingereza aina ya Nimrod, namba XV230, ilikuwa kusini mwa Afghanistan na watu 14 ndani yake. Ilikuwa imetoka tu kujazwa mafuta angani. Dakika chache baadaye taa ya hatari ikawaka: moto tumboni mwa ndege, sehemu ya kubebea mabomu. Moshi ukaanza kuingia walimokuwa wahudumu. Wakageuza kuelekea uwanja wa Kandahar. Rubani wa ndege nyingine, Harrier, aliwafuata kwa nyuma na kuwashuhudia kwa macho yake: moto unatoka upande wa bawa, ndege inazidi kushuka, uwanja uko mbele. Kisha Nimrod ikalipuka angani. Hakuna aliyepona.

Taliban walidai kwamba wao ndio walioitungua. Nani angewabishia? Ilikuwa vitani, juu ya ardhi inayopiganiwa, na ndege ilishika moto. Lakini hakukuwa na kombora. Mafuta yalikuwa yamevuja ndani ya mwili wa ndege na kufika kwenye bomba linalopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini. Nimrod ilianza kazi mwaka 1969, na uwezo wa kujazwa mafuta angani haukuwemo katika mpango wake wa awali. Uliongezwa harakaharaka wakati wa vita vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina mwaka 1982, ukabaki. Mafuta yakawa yanapita jirani na bomba la moto kwa miaka mingi, na nyaraka zilizoandaliwa kuthibitisha usalama wa ndege hiyo zikaipita hatari hiyo bila kuiona. Ripoti ya mwanasheria Charles Haddon-Cave, iliyotoka Oktoba 2009, ilisema wazi kwamba waliozitayarisha walianza kazi wakiwa wameshaamini kuwa ndege ni salama.

Nimeanza na Nimrod kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote yanayotuchanganya tunaposikia kwamba ndege ya kijeshi imeanguka. Ilipotea vitani lakini adui hakuigusa. Kulikuwa na mtu wa kujisifu kwa kuiangusha. Na chanzo chenyewe kilikuwa kimelala ndani yake kabla ya baadhi ya waliokufa kuzaliwa.

Kiswahili kinatupa maneno mawili hapa, na inafaa tuyashike yote mawili. Ndege huanguka, au hutunguliwa. Anayetungua yupo, kama mtu anavyotungua tunda mtini. Kinachoanguka kinaweza kuwa kimeanguka chenyewe. Majeshi nayo hugawanya hasara zake hivyo: kuna ndege zilizopotea kwa mapigano na kuna zilizopotea kwa ajali. Mgawanyo unaonekana rahisi mpaka pale unapojaribu kuutumia.

Chukua ndege za kivita za Uingereza aina ya Sea Harrier katika vita hivyohivyo vya Falklands. Zilisifiwa sana, na kwa haki, maana hakuna hata moja iliyoangushwa na ndege ya Argentina. Hata hivyo zilipotea 6. Mbili ziliangushwa na silaha za ardhini. Nne zilipotea kwa ajali: mbili zilitoweka pamoja katika hali mbaya ya hewa na inaaminika ziligongana, moja iliangukia baharini mara tu baada ya kuruka, na nyingine iliteleza kwenye sitaha ya meli ikatumbukia majini. Kwa hesabu ya kijeshi hizo nne ni ajali. Lakini zingeruka katika ukungu ule, kutoka kwenye sitaha ile, kama pasingekuwa na vita? Vita huua pia kwa kuwalazimisha watu kuruka siku ambayo wangebaki chini.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni wa tarehe 12 Agosti 2012. Helikopta nne za jeshi la Uganda ziliondoka Entebbe kwenda Somalia kuongeza nguvu katika kikosi cha Umoja wa Afrika kilichokuwa kikipambana na al-Shabaab. Moja, Mi-17, ilitua Garissa kama ilivyopangwa. Tatu zilizobaki, Mi-24 za mashambulizi, hazikufika. Zote tatu ziliangukia Mlima Kenya. Ule ni mlima wa mita 5,199, mawingu yake hubadilika ndani ya muda mfupi, na Mi-24 ni helikopta nzito, ngumu kupandisha juu penye hewa nyepesi. Kikosi kilipoteza kwa siku moja nguvu ya mashambulizi ambayo adui hakuwa na namna ya kuigusa, na kitabuni hasara hiyo haiwezi kuandikwa chini ya jina la adui.

Upande wa hesabu nao una mitego yake. Tarehe 15 Septemba 1940, kilele cha mapigano ya anga juu ya Uingereza, Waingereza walitangaza kwamba wametungua ndege 185 za Ujerumani. Kumbukumbu za Wajerumani zilipofunguliwa baada ya vita, idadi ilionekana kuwa karibu 60. Wengi hudhani huo ulikuwa uongo wa propaganda, lakini kwa sehemu kubwa marubani wale walisema walichokiona. Watatu wanaipiga ndege moja kwa nyakati tofauti. Kila mmoja anaiona ikitoa moshi na kuzama mawinguni. Kila mmoja anarudi na ndege moja mkononi. Mwingine anamwona adui akipiga mbizi ghafla, kumbe anakimbia.

Leo tuna setilaiti na video za simu, na pengo bado lipo. Ukraine ilipotuma droni kushambulia viwanja vya ndege ndani ya Urusi tarehe 1 Juni 2025, ilisema imepiga ndege 41. Makadirio ya maofisa wa Marekani yalikuwa kama 20 zilizopigwa, na kati ya hizo karibu 10 kuharibiwa kabisa. Tazama maneno hayo: kupigwa na kuharibiwa ni mambo mawili. Ndege yenye tundu la kombora bawani inaweza kuruka tena baada ya miezi mitatu, na ndege isiyo na mkwaruzo inaweza isiruke tena kamwe kwa sababu mwili wake umepinda mahali pasipoonekana. Ndiyo maana picha inayoonyesha namba ya mkiani, ikilinganishwa na picha ya mahali palepale siku iliyotangulia, ina thamani kuliko matangazo kumi ya msemaji wa jeshi.

Tena idadi tupu haisemi kitu mpaka uulize ni kati ya ngapi. Wakati wa vita swali ni ndege ngapi hazirudi katika kila mia zinazotumwa. Wahudumu wa ndege za mabomu za Uingereza katika Vita Kuu ya Pili walitakiwa kukamilisha safari 30 kabla ya kupumzishwa. Tuseme kila safari hupotea ndege 4 katika 100. Nne katika mia inasikika ndogo, kamanda anaweza kuivumilia. Piga hesabu kwa safari zote 30: katika watu 100 walioanza, watakaomaliza ni 29. Ikipanda hadi 5, watabaki 21. Hesabu hiyo walikuwa wanaiishi. Katika watu wapatao 125,000 waliotumika katika kikosi kile, 55,573 walikufa.

Wakati wa amani kipimo ni ajali kwa kila saa 100,000 za kuruka. Marekani huziita ajali za kundi A zile zilizoleta kifo au ulemavu kamili wa kudumu, zilizoharibu ndege kabisa, au zilizogharimu kiasi fulani cha fedha au zaidi. Kiasi hicho kilikuwa dola milioni 2, na mwaka 2019 kikapandishwa hadi milioni 2.5. Ajali ya milioni 2.2 iliyokuwa kundi A wiki iliyopita ikawa si kundi A wiki inayofuata. Ukiona chati ya ajali inashuka, angalia kwanza kama ngazi ya kuhesabia haikusogezwa.

Kuna hasara moja inayouma kuliko nyingine, nayo ni kutunguliwa na wenzako. Tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraki, ndege mbili za Marekani aina ya F-15 zilitungua helikopta mbili za Marekani aina ya Black Hawk. Watu 26 walikufa, hali ya hewa ikiwa njema, mchana kweupe. Helikopta zilikuwa na matangi ya ziada ya mafuta ubavuni, na kwa rubani anayepita kwa kasi kubwa zikafanana na Mi-24 za Iraki. Kifaa cha kujitambulisha kilikuwa kwenye namba ya kutumika nje ya eneo lile. Redio zao zilikuwa kwenye masafa tofauti na ya ndege za kivita. Juu yao wote ilizunguka ndege yenye rada kubwa, ambayo kazi yake ilikuwa kujua nani yuko wapi, na waliokuwemo walikuwa wameshaongea na helikopta hizo asubuhi ileile. Kila kinga ilikuwapo, na kila moja ilikuwa na tundu. Siku ile matundu yote yalikaa mstari mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Magazeti huuliza chanzo, kana kwamba ni kimoja. Aliyewahi kukaa na mafundi wa ndege anajua kwamba ajali ni mnyororo, na pete ya kwanza mara nyingi ni kitu kidogo cha kuaibisha. Maji, kwa mfano.

Tarehe 23 Februari 2008, kambi ya Andersen, Guam, kisiwa chenye unyevu mwingi. Ndege ya mabomu aina ya B-2, moja kati ya 21 tu zilizowahi kutengenezwa, yenye thamani ya dola bilioni 1.4, inajiandaa kuruka. B-2 haina mkia, na huruka kwa sababu kompyuta zake husahihisha mwelekeo wakati wote kwa kusoma shinikizo la hewa kupitia vitambuzi 24 vilivyo mwilini. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye vitatu. Mafundi walipoona vinasoma kasoro, wakavirekebisha upya, wakiwa hawajui kwamba tatizo ni maji. Kisha kipasha-joto cha vitambuzi kikawashwa kama kawaida kabla ya kuruka, maji yakakauka, na marekebisho yale yakageuka kuwa makosa. Kompyuta ikaamini ndege ina kasi kuliko ilivyokuwa. Ikaamini pia kwamba pua imeinamia chini, ikaiinua. Ndege ikaacha ardhi mapema, pua ikapanda digrii 30, mwendo ukaisha, bawa la kushoto likagusa ardhi. Marubani wawili walijirusha kwa viti vyao na kupona. Ndege ikaungua palepale.

Ukisoma uchunguzi wake kuna jambo linalokaa rohoni. Baadhi ya waliokuwa Guam kabla yao walikuwa wanajua kwamba ukiwasha kile kipasha-joto kwanza, ndipo urekebishe, kasoro hupotea. Maarifa hayo yalipita kwa mdomo, mtu kwa mtu. Hayakuandikwa kwenye mwongozo.

Miaka 17 baadaye maji yakarudi kwa sura nyingine. Tarehe 28 Januari 2025, kambi ya Eielson, Alaska, gurudumu la mbele la ndege ya F-35 liligoma kujikunja sawasawa, na liliposhushwa likakwama likiwa limeelekea kushoto. Rubani alizunguka angani karibu dakika 50 akizungumza kwa simu na wahandisi wa kiwanda. Akagusa njia ya kutulia ndege mara mbili akijaribu kulinyoosha, akapaa tena. Maji yalikuwa yamechanganyika na mafuta ya haidroli katika miguu ya ndege, na katika baridi ile yakaganda. Baada ya mguso wa pili, vitambuzi vya magurudumu vikaiambia kompyuta kwamba ndege iko ardhini. Kompyuta ikabadilisha namna ya kuiongoza, ikawa inaiendesha kama kitu kinachotembea barabarani wakati kiko hewani. Rubani akajirusha, akapona. Adui hayumo katika kisa hiki, wala rubani mzembe. Kuna pipa la mafuta lililoingia maji.

Sisemi marubani hawakosei. Wanakosea, na mwili wenyewe huwasaliti. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji inayotuambia tunageukia wapi. Ndege ikigeuka polepole mawinguni, majimaji yale hutulia na ubongo husema tumenyooka. Rubani akiisawazisha kweli, sikio husema anageukia upande wa pili, naye bila kujijua huirudisha kwenye mzunguko unaomshusha. Kinachomwokoa ni kuamini saa za vipimo zilizo mbele yake na kukataa anachokihisi kwa mwili mzima, jambo gumu sana kwa mtu anayeogopa. Kuna pia mkandamizo wa kona kali. Katika mkandamizo wa mara 9 ya uzito wa kawaida, kichwa cha kilo 5 huwa kama cha kilo 45, damu hukimbilia miguuni, macho huingia giza na fahamu hupotea huku ndege ikiendelea kwenda kasi kuelekea ardhini. Tangu mwaka 2014 ndege za kivita za Marekani aina ya F-16 zina mtambo unaolinganisha mahali ndege ilipo na ramani ya milima na mabonde iliyo chini. Ukiona hakuna anayeitoa ndege katika hatari, huilaza sawa na kuivuta juu wenyewe. Kuna marubani walio hai leo kwa sababu yake, waliozinduka wakakuta ndege inapanda.

Nataka tuone tofauti hapo. Kosa la rubani lilipochukuliwa kuwa tatizo la kihandisi, dawa ilipatikana. Lilipochukuliwa kuwa aibu ya mtu, ajali ilirudi. Ujerumani Magharibi ilipoteza karibu 300 katika ndege zake 916 za kivita aina ya F-104 Starfighter, na zaidi ya marubani 100 wakafa, bila vita yoyote. Ndege iliyobuniwa kupaa haraka na kuwinda adui juu sana ilipewa kazi ya kuruka chini na mabomu, katika mawingu ya Ulaya, ikiendeshwa na vijana wenye saa chache za kuruka. Hali ilianza kubadilika baada ya Johannes Steinhoff kukabidhiwa jeshi la anga mwaka 1966. Alishughulikia mafunzo, matengenezo na viti vya kujirusha, na hakuishia kuwakemea marubani.

Ili ukweli upatikane, majeshi kadhaa hutenganisha uchunguzi. Marekani hufanya mara mbili. Wa kwanza ni wa usalama: shahidi huahidiwa kwamba atakachosema hakitatumika kumwadhibu, na maelezo yake hayatolewi hadharani. Wa pili ni wa kisheria, nao ndio unaochapishwa na kuonekana na familia. Wengi huona siri ya ule wa kwanza kama ujanja wa kuficha. Mimi naiona ina maana, kwa sharti moja: kinachofichwa kiwe jina la fundi aliyekiri kusahau kubana nati, kisiwe ile nati. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika urubani kifo chenyewe ni cha mtu mwingine, anayepanda ndege ya aina hiyohiyo mwezi unaofuata.

Sharti hilo likivunjwa, hutokea yaliyotokea Mull of Kintyre. Tarehe 2 Juni 1994 helikopta ya Uingereza aina ya Chinook, namba ZD576, iliondoka Ireland ya Kaskazini ikiwa na abiria 25, maofisa wa ujasusi, polisi na jeshi, na wahudumu 4. Ikagonga mlima kwenye ukungu wa rasi hiyo ya Scotland. Wote 29 walikufa. Haikuwa na kisanduku cha kurekodi safari wala cha kurekodi sauti, kwa hiyo dakika za mwisho hazina shahidi. Kanuni za wakati huo zilisema rubani aliyekufa asihukumiwe kwa uzembe ila pasipokuwa na shaka yoyote kabisa. Bodi ya uchunguzi haikuwatia marubani hatiani. Wakuu wawili wa jeshi la anga waliopitia kazi ya bodi hiyo mwaka 1995 wakatangua: uzembe mkubwa wa marubani.

Helikopta ile ilikuwa toleo jipya, na injini zake ziliongozwa na programu ya kompyuta ambayo wajaribu ndege wa jeshi lenyewe hawakuwa na imani nayo. Siku moja kabla ya ajali walikuwa wamesimamisha kuruka na toleo hilo. Haikuthibitika kamwe kwamba programu hiyo ndiyo iliyoiangusha. Lakini shaka ilikuwapo, na shaka ndiyo kanuni iliyotaka iheshimiwe. Wazazi, wajane na wabunge walipigania hilo miaka 16, hadi Julai 2011, mapitio ya jaji Lord Philip yalipofuta hukumu na waziri wa ulinzi akaomba radhi bungeni. Sehemu ya nyaraka za ajali hiyo imefungwa kwa miaka 100. Zitafunguliwa mwaka 2094, na familia za waliokufa bado zinadai zifunguliwe sasa.